Mtambo Uko Sawa

Watu walimwita Tupa kwa sababu ya chombo cha kukwangulia chuma alichoshinda nacho mkononi tangu ujana, na kwa utani pia, maana hakuna mtu aliyewahi kumwona akitupa kitu. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, mlango ukitazama barabara. Kilijaa kufuli zisizo na funguo, funguo zisizo na kufuli, miguu ya cherehani, sahani za mizani na mikebe ya parafujo zilizopangwa kwa ukubwa. Mkewe alizoea kusema kwamba siku Tupa akifa itabidi wamzike palepale, kwa kuwa hakutakuwa na njia ya kumtoa.

Alikuwa na miaka sitini na minane, mwembamba, si msemaji, miwani yake imefungwa uzi upande wa sikio la kushoto. Cherehani, kufuli, pasi, mizani, vyote vilipita mikononi mwake. Na ukutani, ndani ya fremu yenye kioo, palikuwa na kibali cha kutengeneza bunduki, cha pekee katika mji mzima. Wateja wapya walikitazama kwa heshima. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa akikipa mgongo kwa miaka ishirini na miwili, na kama yupo aliyegundua hilo, hakusema.

Jumanne moja asubuhi aliingia mwanamke amekumbatia kitu kirefu kilichozungushiwa shuka. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa mzee mmoja aliyeitwa Posta, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa mkuu wa posta ya mji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ndani."

Mwalimu alikilaza kile kitu mezani, katikati ya cherehani mbili, akafunua shuka. Tupa hakuhitaji kuvaa miwani. Ilikuwa bunduki ya zamani, ya aina ile ambayo chini yake ina mkono wa chuma uliopinda kama kitanzi. Ukiusukuma mkono huo mbele na kuurudisha, ganda tupu linaruka nje na risasi nyingine inaingia. Kitako chake cha mti kilikuwa na mkwaruzo mrefu karibu na bega. Tupa alikuwa anaujua mkwaruzo huo kama anavyoujua mlango wa chumbani kwake.

"Baba amebadilika sana, mzee," mwalimu alisema. "Siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu mama. Wiki iliyopita nimemkuta amefungua kabati, amekaa na hii mapajani, anavuta huu mkono na hauendi. Sasa kuna msimamizi wa shamba kule mlimani anaitaka kwa ajili ya nguruwe mwitu. Nimekwenda kituoni, wameniambia haihami mikono mpaka fundi aisafishe, aikague, ajaze hapa."

Akatoa karatasi. Mstari wa nne uliandikwa: Hali ya mtambo.

"Nipite lini?"

"Ijumaa," Tupa alisema. "Mzee hajambo lakini?"

"Hajambo. Anakutaja sana. Anasema wewe ndiye uliyeifanya ikawa laini kama siagi."

Tupa aliitikia kwa kichwa. Mwalimu alipokwisha kuondoka, fundi alibaki amesimama pale pale, mikono imening'inia, mpaka mteja wa pasi alipopiga hodi mara tatu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Miaka ishirini na miwili nyuma, Posta alimletea bunduki hiyo hiyo. Alikuwa na shamba la mahindi nje ya mji, na nguruwe mwitu walikuwa wamemtia adabu. Mkono wa bunduki ulikuwa mzito. Mafuta ya miaka mingi yalikuwa yameganda ndani yake kama gundi. Tupa aliifungua yote, akaosha kila kipande kwa mafuta ya taa, akapitisha jiwe laini kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, akapaka mafuta mepesi, akairudisha. Mkono ukawa unakwenda kwa vidole viwili. Hapo angeishia, kazi ingekuwa nzuri.

Lakini alikuwa na miaka arobaini na sita, na sifa zilikuwa zimempanda kichwani. Akaona kifyatulio nacho ni kigumu. Hakuna aliyemwomba akiguse. Ndani ya bunduki ya namna hiyo kuna nyundo ndogo ya chuma, na kwenye nyundo kuna vipengo viwili ambavyo jino la kifyatulio hunasa. Kipengo cha kwanza huishika nyundo ikiwa imevutwa nusu, isianguke, ili mtu atembee na bunduki salama. Cha pili huishika ikiwa tayari kupigwa. Tupa aliking'arisha cha pili kwa jiwe, kidogo, na kidogo tena, na jiwe likala ukingo wa kile cha kwanza. Akajaribu. Kifyatulio kilikuwa chepesi kama kitufe cha redio. Kisha akavuta nyundo nusu na kuisukuma kwa dole gumba, kama fundi yeyote anavyopaswa kufanya. Ikashika. Akarudia mara kumi na mbili. Mara ya tisa iliteleza.

Mara moja tu. Posta alikuwa amekwisha kufika mlangoni, anapangusa jasho, anacheka. Alipoujaribu ule mkono alitoa macho. "Fundi, hii ni siagi," alisema. "Wewe si mtu wa kawaida." Na Tupa, badala ya kusema niachie mpaka kesho, alijiambia kwamba dole lake lilikuwa na mafuta, ndiyo maana.

Siku kumi baadaye, asubuhi, jua likiwa limeshatoka, Posta na mdogo wake walikuwa ndani ya kibanda cha shambani baada ya kulinda. Mdogo wake alikuwa fundi wa mapaa, kijana wa miaka thelathini na mitatu, akiitwa Kenchi kwa sababu hakuna aliyepandisha kenchi za paa kwa haraka na unyoofu kama yeye. Alikuwa amechuchumaa karibu na mlango, anafunga kamba za viatu. Posta aliivuta nyundo nusu, akailaza bunduki juu ya magunia. Kitako kikagonga gogo. Ikalia. Risasi ilipita chini ya goti la kulia la Kenchi, na hospitalini, siku ya tatu, mguu ule ukakatwa.

Posta aliwaambia polisi kwamba hakumbuki kugusa kifyatulio, lakini labda alikigusa. Inspekta, kwa kufuata utaratibu, aliileta bunduki kwa fundi mwenye kibali. "Nataka neno moja tu," alisema. "Ina kasoro au haina?" Tupa alivuta nyundo nusu, akaigusa kwa dole. Aliigusa hivi hivi, kama anayebonyeza embe asilotaka kulinunua. Ikashika. Akaandika: Mtambo uko sawa. Akatia sahihi.

Basi ikawa ni kidole cha Posta. Mji mzima ulikubali hivyo, mahakama ikakubali hivyo, Posta mwenyewe akaanza kukikumbuka kile kidole chake kikiwa pale. Kenchi hakusema na kaka yake tena. Waliishi mitaa mitatu tu mbali. Kila mwaka, mwezi ule, Posta aliandika barua, akabandika stempu kama barua inayokwenda ng'ambo, akaitumbukiza kwenye sanduku. Kenchi alizipokea na kuziweka pasipo kuzifungua.

Na mke wa Tupa siku zile alikuwa mhudumu wa wodi. Ndiye aliyembadilishia Kenchi mashuka, ndiye aliyemshika begani siku ya kwanza kusimama na magongo. Jioni alirudi nyumbani akisimulia. Leo amelia. Leo ameuliza kama mtu anaweza kupanda paa kwa mguu mmoja. Tupa alisikiliza akitazama sahani, akisema pole yake, pole yake.

Kwa miaka hiyo yote alijitetea kimoyomoyo. Kwa nini mtutu ulitazama watu? Kwa nini risasi haikutolewa kwanza? Maswali yalikuwa ya haki, na Posta hakuwa na majibu yake. Lakini yalikuwa kama shuka fupi: akijifunika kifua, miguu inabaki nje. Hakuwahi tena kutia jiwe kwenye kifyatulio cha mtu. Waliomletea bunduki aliwasafishia tu, na akijaribu nyundo aliisukuma mara mia moja, akihesabu kwa sauti, mpaka wakamwona ana wasiwasi uliozidi.

Jumatano asubuhi alianza kazi. Kwanza alifungua mkono nusu kwa kulazimisha, akaingiza kidole cha mwisho ndani kuhakikisha hamna risasi. Akalegeza parafujo kwa bisibisi iliyomkaa barabara, akizipanga kwenye sahani kwa mpangilio wa kutoka. Kila kipande alikizamisha kwenye mafuta ya taa na kukisugua kwa mswaki wa zamani. Uchafu ulitoka mweusi, mzito. Ulikuwa mafuta yale yale aliyopaka yeye, yamezeeka humo ndani. Kutu ilikuwa imeshika pembeni mwa boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Akaitoa kwa msasa laini uliolowa mafuta, taratibu, akifuata urefu wa chuma bila kukata mapana yake. Mikono ilifanya kazi yenyewe, na kwa nusu saa nzima alikuwa karibu na furaha.

Kisha akaiokota nyundo kutoka kwenye bakuli, akaipangusa, akaipeleka dirishani.

Alama ilikuwepo. Mahali pengine pote chuma kilikuwa cha kijivu. Pale kwenye vipengo kiling'aa bado, kama jino la dhahabu. Ukingo wa kipengo cha kwanza ulikuwa umelala. Si mengi. Unene wa ukucha. Mtu asiyejua angeona urembo. Tupa aliona maandishi yake mwenyewe.

Akaketi. Halafu akainuka, akapanda kwenye kigoda, akashusha mkebe kutoka rafu ya juu. Humo, kati ya vipande vya bunduki zilizokufa, palikuwa na nyundo ya aina ile ile, nzima, vipengo vyake vikali. Akaisafisha. Akaijaribu mahali pake. Ikakaa kama iliyozaliwa humo. Jambo lilikuwa rahisi kabisa. Angefunga parafujo, angeandika kwenye mstari wa nne maneno yale yale ya zamani, na safari hii yangekuwa kweli. Msimamizi wa shamba asingeumiza mtu. Na ile nyundo nyingine ingelala kwenye mkebe mpaka vitukuu waje kuuliza ni dude gani.

Alikuwa amekwisha kukaza parafujo ya kwanza mkewe alipoingia na kikombe cha chai. Alikuwa amestaafu ile kazi ya wodi, lakini macho ya wodini alikuwa nayo bado. Mgonjwa alimjua kabla hajalalamika.

"Unaumwa?"

"Hapana."

Mkewe hakumwamini. Aliitazama meza. "Ya nani hiyo?"

"Ya Posta."

Akaweka kikombe chini. "Ile ya Kenchi?"

Tupa angeweza kusema ndiyo na kunyamaza, na siku ingepita. Badala yake aliiokota ile nyundo ya zamani, akamwekea mkewe kiganjani, akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi. Alieleza kila kitu: kifyatulio ambacho hakuombwa akiguse, mara ya tisa, inspekta, dole lililogusa hivi hivi. Hakuinua macho. Alimaliza, na mkewe alikuwa bado ameshika kile chuma.

"Nilikuwa nakuja hapa," mkewe alisema polepole. "Natoka kumfunga kile kidonda, nakuja hapa nakupakulia chakula, nakuhadithia. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikilia, unajua?"

"Ndiyo."

Mkewe aliigeuza ile nyundo kiganjani. Barabarani mtu alipita akiswaga mbuzi. "Na hiyo unayoitia sasa?"

"Ni nzima. Ili asidhurike mtu."

"Itoe," alisema mkewe. "Utaitia baadaye. Ukiitia leo utakuwa umefuta." Akamrudishia ile nyundo, akaondoka, na chai ikapoa palepale. Siku ile hawakula pamoja.

Alhamisi Tupa alivaa shati safi, akaifunga nyundo katika leso, akaenda kwa Kenchi. Alikuwa amepita mbele ya karakana ile mara nyingi mno, kila mara upande wa pili wa barabara. Kenchi siku hizi alitengeneza madirisha na viti. Alifanya kazi ameketi kwenye stuli ndefu, magongo yameegemea ukuta, randa mkononi, nywele za mashavuni zimeingia mvi na vumbi la mbao.

"Karibu, Fundi," alisema. "Leo umevuka barabara."

Kumbe alikuwa anaona.

Tupa hakuketi. Alifungua leso juu ya benchi. "Hii imetoka kwenye bunduki ya kaka yako. Nataka uitazame hapa."

Kenchi aliiweka chini ya taa. Fundi haongopewi na kazi ya fundi, hata iwe ya chuma na yeye ni wa mbao. Alipitisha ukucha wa dole gumba kwenye kipengo cha kwanza, akapitisha tena.

"Pameliwa hapa," alisema. "Hapashiki."

"Hapashiki vizuri."

"Imeisha kwa kutumika?"

"Hapana. Nilipala mimi. Siku kumi kabla ya ile asubuhi." Tupa aliikunja leso. "Iliteleza mbele yangu, mara moja. Nikampa. Na polisi walipoileta nikaandika iko sawa."

Kenchi hakupiga kelele. Alivuta randa karibu, akaanza kung'oa vinyweleo vya mbao kwenye makali yake, kimoja kimoja, mpaka ikawa safi. Mikono yake ilikuwa mikubwa, na Tupa aliitazama akijua kwamba likimjia pigo hataliepa.

"Kaka aligusa au hakugusa?" Kenchi aliuliza mwisho.

"Sidhani kama aligusa. Ilipogonga gogo, ilitosha."

"Sidhani ni nini? Wewe ndiye unayejua."

"Hakugusa."

"Mimi sikwenda kumzika shemeji," Kenchi alisema. "Mke wake alikufa, nikakaa hapa hapa napiga randa. Nilisikia wakipita." Akanyosha mkono kuchukua magongo. "Twende."

"Wapi?"

"Unauliza wapi?"

Mitaa mitatu iliwachukua muda. Tupa alitembea nyuma kidogo, akisikia magongo yakigonga lami, na kila pigo lilimwingia. Watu waliowajua waligeuza shingo. Mwalimu, aliyekuwa likizo, alifungua mlango, akamwona baba yake mdogo kizingitini, na akarudi hatua mbili nyuma pasipo kutoa salamu.

Posta alikuwa sebuleni, amevaa koti, kola imepigwa pasi, kana kwamba ofisi ingefunguliwa wakati wowote. Alipomwona Kenchi aliinuka kwa kushika mikono ya kiti. Aliyoyasahau yalikuwa mengi, lakini hili halikuwamo.

"Mdogo wangu," alisema. "Nisamehe. Ni kidole hiki."

Aliinua kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akakionyesha, kama mtoto anayeonyesha mahali alipochomwa na mwiba. Mwalimu alimwambia Tupa baadaye kwamba mzee alikuwa akifanya hivyo kila jioni, kwa mtu yeyote aliyeingia, hata kwa msoma mita.

"Kaka, kaa," Kenchi alisema. "Msikilize Fundi."

Tupa alipiga magoti mbele ya kile kiti, kwa sababu asingeweza kusema akiwa juu ya mzee yule. Akasema kwa mara ya tatu ndani ya siku mbili, na haikuwa rahisi zaidi. Alimpa ile nyundo, akakiongoza kidole chake mpaka kwenye kipengo. Alisema, "Si wewe. Ni mimi. Hukugusa kitu."

Posta alisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulitulia, na kwa dakika moja wote mle chumbani waliamini kwamba amepokea. Kisha akatabasamu, akamwekea Tupa mkono kichwani.

"Wewe ni mtu mwema, Fundi," alisema. "Siku zote ulikuwa mwema. Lakini usijitwishe mzigo wangu. Mimi nilikuwepo. Kidole kilikuwa changu."

"Mzee, nakuapia."

"Najua. Unataka nipumzike. Ahsante sana." Akamgeukia binti yake. "Mpe Fundi kiti. Kwa nini yuko chini?"

Tupa aliomba, akarudia, akaeleza upya kuanzia mafuta yaliyoganda. Kadiri alivyoeleza ndivyo mzee alivyozidi kumhurumia. Mwisho Kenchi akasema, "Acha, Fundi. Inatosha." Alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, kiganja kimefunika macho. Mwalimu aliuegemea ukuta, mikono imefungwa kifuani, akimtazama Tupa kwa namna ambayo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kutazamwa.

"Miaka ishirini na miwili," alimwambia. "Ungesema hata mwaka jana, angekuelewa."

Hata mwaka jana. Neno hilo Tupa alilala nalo na kuamka nalo tangu siku ile.

Ijumaa alikwenda kituoni na bunduki, nyundo zote mbili, na kibali chake kikiwa bado ndani ya fremu. Ofisa wa zamu alikuwa hajazaliwa, au alikuwa mtoto mchanga, wakati jambo lile lilipotokea. Alimsikiliza kwa adabu, akaandika kurasa mbili, akaenda kutafuta jalada, akarudi na vumbi kwenye mikono na bila jalada. Inspekta wa wakati ule alikuwa marehemu. Wiki nne baadaye Tupa aliitwa mbele ya mkuu wa kituo, akaambiwa maelezo yake yametunzwa, kesi ilikwisha zamani, kibali kimefutwa, na aende nyumbani. Alikuwa amefungasha nguo mbili na mswaki kwenye mfuko, endapo wangemweka ndani. Alirudi nao. Kwa namna fulani ingekuwa nafuu wangemweka.

Bunduki haikwenda mlimani. Mwalimu aliisalimisha rasmi palepale kituoni, na mbele yake wakaikata vipande viwili kwa msumeno.

Mkewe alianza kuzungumza naye tena taratibu: kwanza mambo ya chumvi na sabuni, baadaye mambo ya watoto wao. Siku moja, wakichambua mchele, alimwambia, "Mimi sijamaliza kukukasirikia. Nitakwambia nikimaliza." Tupa alisema sawa, akaendelea kuchambua.

Kenchi akawa anakwenda kwa kaka yake kila alasiri baada ya kazi. Alichukua zile barua, akawa anazifungua moja moja na kumsomea Posta, ambaye alizipenda na kuuliza nani ameandika vizuri hivyo. Kuomba msamaha hakukukoma. Kila siku kidole kiliinuliwa, na kila siku Kenchi alijibu, "Nimekusamehe, kaka," maana alikuwa amegundua kwamba jibu la kweli, la kwamba hakuna cha kusamehe, lilimtia mzee wasiwasi, na hili lilimpa usingizi. Habari hizi Tupa alizipata kwa mkewe, aliyezipata kwa mwalimu. Yeye na Kenchi hawakusalimiana. Tupa hakutafuta kusalimiwa. Alipita sasa upande ule ule wa karakana, akiinamisha kichwa, ili mwenye kutaka kumtukana asipate shida ya kupaza sauti.

Posta alifariki mwaka uliofuata, usingizini. Tupa alikwenda mazikoni akasimama nyuma kabisa, karibu na lango, penye watu wasio na uhusiano. Jeneza alikuwa amelitengeneza Kenchi mwenyewe, na viungo vyake havikuonyesha msumari hata mmoja. Wabebaji walipoitwa, watano walijitokeza, wapwa na majirani. Nafasi ya mbele upande wa kulia, ya ndugu wa damu, ilibaki wazi. Kenchi aliangaza macho juu ya watu mpaka akampata aliyemtaka. Akaja kwa magongo yake, umati ukimpisha, akasimama mbele ya Tupa.

"Mimi siwezi kubeba," alisema. "Utabeba wewe mahali pangu."

"Kenchi, mimi—"

"Sikukuuliza."

Tupa alikwenda akaweka bega. Lilikuwa bega la mzee, na jeneza la mbao ngumu halina huruma. Njia ya makaburini ilipanda, nyembamba, yenye kokoto zinazoteleza. Alihema, miwani ikamshuka puani, na hakuwa na mkono wa kuipandisha. Nyuma ya sikio lake alisikia magongo, karibu sana, yakienda sawa na hatua zake njia nzima. Penye kona mguu wake uliyumba kidogo.

"Polepole," Kenchi alisema. "Mbele kuna mawe."

Tupa akapunguza mwendo, wote sita wakapunguza naye, wakapita.